Geji inayong'aa na haipimi kitu

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama kazi ndiyo imenimeza. Hapana. Nilikuwa sina gari, na pesa nilizokuwa nimetenga za kununua kompyuta mpya zimeingia kwenye injini. Kwa hiyo leo sitaandika juu ya Linux wala simu. Leo nina ugomvi na zile geji za mviringo za kuwaka taa zinazouzwa katika maduka ya mapambo ya magari. Sizichukii taa zenyewe. Ninachochukia ni geji ya urembo inayojifanya chombo cha kupimia.

Naishi Kiganjo, hii yetu ya Thika, si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi. Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2008, iliyokuja imetumika kutoka Japani kama magari mengi tunayoendesha hapa. Dashibodi yake haina sindano ya joto la injini. Kuna taa mbili tu: ya buluu inayowaka injini ikiwa bado baridi, na nyekundu inayowaka joto likishapita kiasi. Katikati hapo, kimya. Mtu aliyesomea kompyuta miaka minne hawezi kulala na mfumo wa namna hiyo, mfumo usiokwambia kitu mpaka ukaribie kufa.

Basi nikanunua geji tatu: joto la maji, presha ya oili na volti za betri. Uso mweusi, tarakimu za buluu, sindano nyekundu. Vifaa na kazi, shilingi 4,500 kwa fundi wa kando ya barabara. Jioni nikawasha taa ndogo, geji zikawaka, majirani wakaja kuchungulia. Sitawadanganya, nilijiona. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikitafuta sababu za kwenda dukani usiku.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumapili, nilikuwa nampeleka mama kwa dada yake upande wa Gatura. Wanaoijua barabara hiyo wanajua kwamba ukitoka Thika ni kupanda tu mpaka uanze kuona majani chai. Katikati ya mlima mama akauliza, "Na hiyo nyekundu ni ya nini?"

Nikatazama. Ilikuwa taa ya joto. Kisha nikatazama geji yangu mpya, sindano imetulia katikati, kwenye 90, imenyooka kama askari wa gwaride. Nikamwambia, "Usijali mama, hiyo taa ya Wajapani imeharibika. Geji iko sawa."

Msomaji, hebu isome tena sentensi hiyo. Nilikuwa na mashahidi wawili, mmoja mzee asiye na urembo na mwingine aliyevaa taa za buluu, nikamwamini mwenye taa za buluu. Niliendesha kama kilomita mbili zaidi. Mvuke ulipoanza kutoka chini ya boneti, sindano ilikuwa bado kwenye 90. Gari lilipozima, 90. Mama alikaa kwenye jiwe kando ya barabara kwa saa mbili na nusu akisubiri lori la kutuvuta, na hakuniambia neno, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa.

Gaskiti ya hedi imeungua, hedi imepinda, ikapelekwa kuchongwa. Shilingi 28,000. Lakini si hesabu hiyo iliyoniudhi. Kilichoniudhi nilikikuta nilipofungua dashibodi mwenyewe. Waya wa geji ya joto haukuwa umekwenda kwenye injini kabisa. Uliishia sentimita 20 nyuma ya redio, na mwishoni mwake kulikuwa kumefungwa rezista moja ndogo kwa utepe mweusi.

Kwa wasiojua: sensa ya joto ni rezista inayobadilika. Maji yakipata moto, ukinzani wake unapungua, na geji inatafsiri ukinzani huo kuwa nyuzi. Ukiondoa sensa na kuweka rezista isiyobadilika, geji itasoma namba ileile masika na kiangazi, injini ikiwa baridi au ikiwa inayeyuka. Kwa lugha yetu ya kazini, ni fankisheni inayoitwa someJoto() ambayo ndani yake kuna mstari mmoja tu: return 90;

Nilirudi kwa fundi. Hakukasirika wala hakukana. "Bosi, wewe ulisema unataka ziwake. Si zinawaka?" Akanieleza kwamba boksi lilikuja bila sensa, na bila sensa sindano inalala chini, na mteja akiiona imelala anarudi kulalamika. Kwa hiyo huiweka katikati. Amefanyia wengi. Wote wameridhika.

Wote wameridhika! Hapo ndipo nilipoamua kuandika, maana nikiacha nafasi yangu ya mteja niliyeibiwa, naona kwamba hoja ya fundi ina mizizi mirefu. Kiwandani nako wanafanya jambo linalofanana. Katika magari mengi ya kisasa yenye sindano ya joto, sindano hiyo imefundishwa kusimama katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili mwenye gari asiingiwe na wasiwasi. Na kwenye Vitz yangu waliona heri kuiondoa kabisa. Siwasifu. Kama nina akili ya kuendesha nina akili ya kusoma namba. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kulainisha ukweli na kuubuni: sindano iliyolainishwa bado hupanda mambo yakiharibika, na ile taa nyekundu niliyoitukana mbele ya mama ilikuwa imeunganishwa na sensa ya kweli.

Mtaniambia, wewe nawe, hayo ni mapambo tu, mwache kijana apambe gari lake. Sawa, apambe. Weka taa chini ya viti, weka taa za zambarau kwenye paa, ukitaka andika jina la mpenzi wako kwenye kioo cha nyuma. Hakuna anayesoma taa ya zambarau ili kuamua kama asimame au aendelee. Geji husomwa hivyo. Ina namba, na namba ni ahadi. Hata kupendezesha geji kwa mwanga si dhambi wala si jambo jipya. Chrysler walitoa magari yenye dashibodi ya kung'aa yenyewe mwaka 1960, na Lexus LS 400 ya mwaka 1989 ilisifiwa kwa geji zake za kuwaka. Lakini nyuma ya mwanga huo kulikuwa na kipimo.

Na msidhani ni geji za ziada tu. Kuna zile nyuso nyeupe za kubandika juu ya spidomita ili zing'ae usiku. Kuibandika lazima sindano ing'olewe, na ikirudishwa nyuzi chache kando, unakwenda 80 huku unasoma 70. Wengine hubadilisha mita nzima, na mita ikibadilika kilomita zilizotembea nazo zinaweza kubadilika, kisha gari linauzwa. Mnunuzi anaona dashibodi inayopendeza na namba ndogo, anatoa pesa.

Huku kwetu geji ya joto ya kweli ina kazi kuliko huko pwani. Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuriani hapa huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na kulanti kama umeiweka, na wengi wetu tunaweka maji ya mfereji. Mpira wa kifuniko changu ulikuwa umekauka. Presha ikatoroka, maji yakachemka kwenye joto ambalo injini nzima hulifikia kila siku, yakamwagika. Geji yenye sensa ingenionyesha sindano ikipanda mapema. (Niseme ukweli wote: maji yakishakwisha kabisa, hata sensa nzuri huweza kudanganya, kwa kuwa imebaki kwenye hewa. Ndiyo sababu unatakiwa kuiona ikipanda kabla ya hapo.)

Kwa hiyo ukienda kufungiwa, usiondoke kwa sababu zinawaka. Kawashe gari asubuhi kabla injini haijapata moto: sindano ya joto lazima iwe chini, na ipande polepole mbele ya macho yako. Mwambie fundi akuonyeshe sensa ilipo kwenye paipu ya maji, kwa kidole, si kwa maelezo. Achomoe waya wake. Sindano isipotikisika, geji hiyo ni picha. Asichangie waya wa sensa ya kompyuta ya gari, maana ataharibu na hesabu za injini. Mwanga uunganishwe na taa ndogo kupitia fyuzi, na waya za njano za mfuko wa hewa asiziguse.

Lakini mimi sasa sinunui tena. Kompyuta ya gari langu inalijua joto muda wote, ila haikuambii usipoiuliza. Nimechomeka kifaa cha ELM327 kwenye soketi ya chini ya usukani, nikaunganisha na simu ya zamani kwa Bluetooth. Unatuma 01 05, inakujibu baiti moja, unatoa 40, umepata nyuzi. Ikijibu 82 kwa heksi, hiyo ni 130, kutoa 40 ni 90. Hii 90 ni ya kweli. Dakika tano kabla yake ilikuwa 61. Nimeiandikia kijiprogramu chenye herufi kubwa nyeupe juu ya weusi, kibaya kutazama, na mama ameshajua kukisoma.

Geji ya joto nimeing'oa. Ya oili pia, nayo ilikuwa na rezista yake nyuma. Ile ya volti nimeiacha, kwa sababu haihitaji sensa: waya zilezile zinazoipa umeme ndizo inazozipima, hivyo fundi hakuwa na njia ya kuifundisha uongo. Asubuhi hii ilisoma 14.1 injini ikinguruma.