Zinki ya Cheju, sahani ya Bwejuu

Kijijini Bwejuu, pwani ya Unguja, hakuna bonde. Ukiipa mgongo bahari unakutana na uwanda wa mawe ya matumbawe, udongo wake umejificha kwenye mashimo. Muhogo na kunde huvumilia hapo. Mpunga hauna pa kukaa. Hata hivyo chakula cha mchana ni wali, na mchele wenyewe mara nyingi ni wa mapembe, ulioshushwa bandarini kutoka Asia. Kwa hiyo anayetaka kuupa mpunga wetu virutubisho kwa njia ya mbolea aulizwe kwanza: mpunga wa nani, kwa sahani ya nani?

Kitaalamu hoja yake ina mashiko, lakini kwa zinki tu. Majaribio ya nchi tano, zikiwemo China, India na Uturuki, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionesha kwamba zinki iliyotiwa ardhini haikuibadili sana punje, ila iliyopuliziwa majanini wakati wa kuchanua na baada yake iliongeza zinki ya mchele usiosafishwa kwa karibu robo. Maji yakituama bondeni zinki hufungwa udongoni, hasa penye chokaa. Jani huipokea na kuipeleka kwenye punje. Chuma hakiendi hivyo. Mmea hukipeleka kwa shida, na sehemu kubwa ya kinachofika hukaa kwenye pumba, ambazo kinu huziondoa. Anayeahidi kuongeza damu kwa mbolea ya chuma anauza maneno.

Halafu nani alipe? Mkulima wa mabonde ya mpunga ya Cheju au Kibokwa, mara nyingi mwanamke, hupima jasho lake kwa magunia. Yurea anaiona kazi yake, shamba linakoza kijani. Zinki ya majani huenda isimwongezee hata pishi moja, ila kama ardhi yake ilikuwa na upungufu, na mnunuzi hamlipi zaidi kwa kitu asichokiona wala kukionja. Kwa nini abebe bomba mgongoni? Ufini ililimaliza suala kama hili mwaka 1984 kwa kuagiza seleniamu ichanganywe kwenye mbolea huko huko kiwandani. Sisi tuna mbolea ya ruzuku kwa wakulima wa mpunga. Zinki ipitie humo, pamoja na malipo ya kazi ya kupulizia. Hilo naliunga mkono, kwani kaya nyingi za mabondeni hula zilichovuna.

Lakini shangwe ziwe na kiasi, na sababu iko Pemba. Huko, katika utafiti mkubwa, baadhi ya watoto walipewa vidonge vya chuma na foliki, na wengine zinki. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa baada ya kuonekana kwamba waliovitumia walilazwa na kufa zaidi, katika mazingira ya malaria kali. Matokeo ya zinki, yaliyotoka 2007, hayakuthibitisha kwamba vifo vilipungua. Kidonge si wali, najua. Ila tukishatia zinki shambani tupime na damu za walaji, tusihesabu mifuko iliyogawiwa tukaita hayo ni mafanikio.

Kwa Bwejuu njia fupi ni bandari. Mchele wa nje hupitia mikono ya waagizaji wachache, na unaweza kuchanganywa na punje zilizotiwa virutubisho, kama India ilivyotangaza mwaka 2021 kwa mchele wa mgao wa serikali. Ni rahisi zaidi kusimamia kuliko maelfu ya vishamba.

Na kuna pweza. Maji yakipwa, kina mama na wavuvi wa pwani hii huokota kitoweo chenye zinki nyingi kuliko wali wowote, kisha sehemu kubwa yake huenda hotelini. Siwalaumu: pweza ndiye analipa mahitaji ya skuli. Ila ni ajabu kutafuta zinki kwa bomba huko Cheju huku nyingine ikitolewa kijijini ndani ya ndoo.

Wizara ya kilimo ikianza kutia zinki, ianze na mabonde ya umwagiliaji, na ipime mchele baada ya kukobolewa, maana huo ndio unaoingia chunguni.