Paka Wangu Hanipendi. Kwa Hivyo?

Wacha niseme hili mapema kabla hamjaniuliza: hapana, paka wangu hanipendi. Hajawahi. Ana miaka 15, figo zimechoka, meno yamebaki ya kuhesabu, na nikipita karibu na kiti chake ananguruma kama tuktuk iliyokosa oili. Wiki hii pekee ameniuma mara mbili. Anaitwa Chifu. Jina alipewa na nyanya yangu, Mungu amrehemu, kwa sababu alikuwa akikaa barazani akimkodolea macho kila mpita njia kana kwamba anamdai kodi.

Na kila baada ya siku moja, jioni, mimi humtundikia huyu bwana dripu.

Juzi shangazi yangu alikuja kututembelea akanikuta kwenye hiyo shughuli. Chupa imening'inia kwenye msumari wa dirisha, Chifu amefungwa kwenye leso, mimi jasho linanitiririka. Akaniangalia weee, kisha akasema: "We mtoto, chuo umeacha, kazi ya kueleweka huna, umekaa kumtilia maji paka? Na mwenyewe hata hakutaki! Mtie kwenye gunia, panda tuktuk, mwache Kongowea. Atajitafutia." Sebule nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu huyo ni shangazi, na shangazi hajibiwi mbele ya watu. Nikasema "Sawa, shangazi," nikaendelea kushikilia sindano. Lakini hapa ni kwangu. Hapa nitajibu.

Kwanza si yeye peke yake. Maneno hayo hayo nimeyapata kwa kinyozi, kwa mama mboga, kwa majamaa niliosoma nao kabla karo haijanikatia safari mwaka wa pili. Ukiyachuja yote unabaki na madai mawili: paka mzee ana tabia mbaya, na mwenye tabia mbaya hastahili kuhangaikiwa. La kwanza ni ujinga. Nalijua vizuri kwa sababu ujinga huo niliwahi kuwa nao mimi mwenyewe, na Chifu ndiye aliyelipa.

Nyanya alipofariki, Chifu alinijia kama urithi ambao hakuna aliyeutaka. Miezi michache baadaye akaanza kukojoa kila mahali. Kwenye mkeka, kwenye viatu vya mama, kwenye godoro langu, na si mkojo wa kawaida, ni dimbwi. Wakati huo huo alikuwa anakunywa maji kama aliyerudi jangwani. Anafuata bakuli, anafuata ndoo, anafuata mpaka bomba la uani linalovuja. Mimi, kwa akili yangu ya mtu aliyefika chuo kikuu, nikaunganisha nukta: anakunywa sana ndiyo maana anakojoa sana. Nikaanza kumnyima maji. Saa mbili usiku naondoa bakuli, nafunika ndoo, nafunga mlango wa uani. Nilifanya hivyo karibu wiki mbili. Usiku alikuwa analia mlangoni na mimi nilikuwa nampigia kelele anyamaze.

Nilikuwa nimegeuza mambo juu chini. Figo zikichakaa zinashindwa kuukoleza mkojo, kwa hivyo maji yanapita moja kwa moja kama kwenye chujio lililotoboka. Paka hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu maji yote yanamtoka, na asipoyarudisha anakauka. Mimi nilikuwa namkausha. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo hatimaye, ngozi yake ukiivuta inabaki imesimama hivyo hivyo, haishuki. Daktari akaniuliza amekuwa akipata maji? Nikajibu "ndio." Nilidanganya. Hiyo sijawahi kuisema popote, nimeisema leo.

Kwa hivyo mnaponiambia Chifu ni mkorofi, naomba tuupitie huo ukorofi mmoja baada ya mwingine.

Anaringia chakula, mnasema. Anakaribia sahani, ananusa, ananguruma, anaondoka. Nilidhani ni maringo ya paka aliyezoeshwa vibaya na nyanya. Daktari akamfungua mdomo: vidonda. Uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa unabaki kwenye damu, unaleta kichefuchefu, mdomo unanuka kama choo cha stendi na unachubuka ndani. Njaa anayo. Kinachomshinda ni kula.

Amekuwa mchafu, hajilambi, manyoya ya mgongoni yameshikana mabonge. Viungo vimekakamaa, hawezi kujipinda kuufikia mgongo. Ndiyo maana pia aliacha kuruka ukutani, jambo ambalo sisi tulilifurahia tukidhani sasa ametulia.

Ukimshika kiunoni anauma. Nawe ungeuma, bro.

Tatizo la paka ni kwamba anaficha. Mbwa akiumwa atakuletea mguu uuone. Paka huenda chini ya kitanda na kukukasirikia. Ni mnyama anayewinda lakini ni mdogo, naye huwindwa na wakubwa wake, na akionyesha udhaifu huliwa. Mpaka uone amekonda, figo zimeshapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake, na hazirudi. Hakuna kuponya hapo. Kuna kupunguza tu.

Hebu niwaambie pia kuhusu omena, kwa sababu hapa wengi tunaua tukidhani tunalisha. Chakula cha paka kwetu ni ugali na omena, sivyo? Paka mzima hana shida nacho. Lakini omena unamla na mifupa yake, na mifupa imejaa fosforasi, na fosforasi ndiyo figo mbovu zinashindwa kuitoa. Chakula maalumu cha paka wa figo kipo mjini, ila bei ya mfuko mmoja inakaribia kodi ya chumba cha nyuma hapa mtaani kwetu, kwa hivyo hicho tunakitazama kwa macho. Daktari alituelewa. Akasema mpe nyama ya samaki isiyo na mifupa au kuku wa kuchemsha, bila chumvi, na supu yake nyepesi, na muhimu kuliko yote ale, maana paka akikaa siku kadhaa bila kula ini nalo linaanza kuharibika.

Na Panadol. Jamani, Panadol! Mama yangu, kwa huruma kabisa, alishavunja kidonge nusu akawa anakisaga kwenye kijiko ili "mzee apunguze maumivu." Nilimkamata mkono. Parasetamoli inaua paka. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja kama wetu, inaharibu damu na ini, na hata kipande kidogo kinaweza kummaliza. Dawa nyingine za maumivu za binadamu zinashambulia hizo hizo figo. Usimpe paka dawa ya mtu bila kuuliza. Hata mkibishana na mengine yote niliyoandika, hili lichukueni.

Sasa dai la pili, ambalo ndilo linaloniudhi hasa.

Tuseme maumivu yote yameondoka. Chifu bado atakuwa Chifu. Huyu alimpiga makucha fundi wa umeme akiwa kijana mwenye afya zake. Hata nyanya alimvumilia, hakupakatwa naye kama paka wa kwenye picha. Kwa hivyo sitawauzia hadithi ya kwamba ndani yake kuna moyo wa upendo unaosubiri kugunduliwa. Hakuna. Nimetafuta. Swali langu ni hili: nani aliweka sheria kwamba mgonjwa alipe matunzo yake kwa mapenzi? Kwamba akununie ukose kumpa maji?

Maana mizani hiyo ninaijua. Nyanya mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, alikuwa mkali kupita Chifu. Alitutukana, alitupa vikombe, alinishtaki kwa majirani kwamba namwibia sukari. Nilikuwa nimerudi nyumbani bila karo na bila mpango, nikawa mimi ndiye wa kumgeuza kitandani. Na nakumbuka idadi ya jamaa waliopunguza kuja kwa sababu "siku hizi mama hapokei watu vizuri." Sisemi paka ni sawa na nyanya, msije mkanilisha maneno. Nasema mdomo unaomwambia Chifu "hakutaki, mtupe" niliusikia umejizoeza mahali pengine.

Halafu kuna hoja ya watoto wanaolala njaa. Naiheshimu, kwa sababu hata kwetu kuna siku tumelala na chai. Chupa ya dripu ya mililita 500 nainunua chini ya shilingi 300 na inatosha mara tano, yaani siku kumi hivi. Anayenihubiria hapo kwa kinyozi anachoma zaidi ya hiyo kwa mkeka wa kubeti kila wikendi, na sijawahi kusikia akiulizwa kuhusu watoto wa nani. Lakini nikubali na upande wangu: mwezi wa Ramadhani dawa za presha za mama zilikwisha pamoja na dripu ya Chifu, na hela ilikuwa ya kimoja. Nilinunua za mama. Chifu alikaa wiki nzima na supu tu, akazidi kukonda, na uzito huo haujarudi. Sikulala vizuri, lakini ningefanya hivyo tena. Sijawahi kusema paka kwanza. Nimesema paka pia.

Na nyinyi wa "atajitafutia". Tunakaa Mombasa, tunajua kisa cha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Kila mtoto wa madrasa anacho. Watu wanakigeuza: alimfungia, wanasema, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie, basi mimi nikimwachilia sokoni nimetoka kwenye lawama. Mimi si ustadhi. Lakini Chifu hana meno ya kumshika panya, hana nyonga za kumkimbia mbwa, na anahitaji maji usiku na mchana. Huyo ukimwacha Kongowea umemfungia tu kwenye chumba kikubwa zaidi. Na kwa wale wa serikali, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa. Sijamwona mtu wa gunia akipelekwa kortini, lakini sheria ipo.

Kuna wanaoniambia kwa nia njema kwamba nimpeleke adungwe sindano alale. Hao sigombani nao. Tumelizungumza na daktari na tumekubaliana dalili: akikataa samaki siku mbili, akishindwa kufika kwenye beseni lake la mchanga, na moja ambayo daktari aliisema akiwa anafunga mkoba. "Siku atakayokuacha umfanye chochote bila kugomba, nipigie."

Jumanne usiku nilidhani ndiyo siku yenyewe. Nilipasha chupa kwenye maji ya moto kidogo kama kawaida, maana dripu ya baridi inamuumiza, nikamfunga leso ya nyanya, nikavuta ngozi kati ya mabega ikasimama kama hema, nikaingiza sindano. Kimya. Hakunguruma. Mililita 100 zikaingia, ile nundu ya maji ikavimba mgongoni kama ya ngamia, na yeye anaangalia ukuta tu. Niliketi naye sakafuni mpaka baada ya saa nane. Nilikuwa nimeshaiandika namba ya daktari kwenye simu, imebaki kubonyeza. Sikuwa nawaza kama ananipenda. Nilikuwa nawaza yale majuma mawili ya maji.

Alfajiri nilimletea samaki. Alikula nusu, kisha nilipojaribu kumfuta mdomo akaning'ata kidole gumba mpaka damu. Nikaifuta ile namba. Kidole bado kimevimba nikiandika hapa, kama kuna makosa ya herufi mjue sababu.

Mengine mnayosema, kwamba nitafute kazi, nioe, nirudi chuo, ni sawa. Chuo kina bei yake na nikiipata nitarudi. Dripu inachukua dakika kumi na tano. Hakuna digrii iliyonikosa kwa sababu ya dakika kumi na tano.

Shangazi, najua utaisoma hii, binti yako hukuonyesha kila kitu ninachoandika. Jumapili karibu, mama anapika biriani. Ila kile kiti cha mto mwekundu karibu na dirisha usikikalie, kina mwenyewe, na usimpe mifupa.