Upasuaji wa kupunguza uzito: kilo zikishaondoka, vitamini zisiondoke nazo

Habari za kupunguza uzito hospitalini si ngeni tena mtaani kwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inatoa huduma ya kuweka puto tumboni. Wengine wanasafiri hadi India au Uturuki kufanyiwa upasuaji, na picha za "kabla" na "baada" zinazunguka kwenye simu zetu kila siku.

Si ajabu kwamba huduma hizi zina wateja. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika utafiti wa 2015-16 walifika asilimia 28. Kwa mama mwenye kisukari, presha na magoti yanayouma, upasuaji unaweza kuwa msaada mkubwa.

Lakini kinachosemwa sana ni kilo zilizopungua. Kinachosemwa kidogo ni miaka inayofuata.

Mama mmoja alifika kliniki yetu akiwa na ujauzito wa miezi minne. Alikuwa amefanyiwa upasuaji nje ya nchi, na kila mtu alikuwa anamsifia alivyopendeza. Tatizo lake lilikuwa ganzi miguuni na uchovu. Vidonge alivyopewa hospitali ile viliisha, na vilikuwa ghali. Akajiambia, "Si napata FEFO kliniki? Zinatosha." Vipimo vikaonyesha kuwa vitamini B12 imeshuka sana. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemweleza, na sisi hatukumuuliza mapema kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

Kwa nini mwili unapungukiwa

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Wa pili huacha kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Sehemu hiyo ndiyo inayofyonza kwa wingi madini chuma na kalsiamu.

Mfuko wa chakula pia hutoa asidi na protini maalumu inayousaidia mwili kuchukua vitamini B12. Mfuko ukipungua, msaada huo unapungua. Kwa hiyo hata ukila vizuri, huwezi kutegemea chakula peke yake.

Puto ni tofauti, kwa sababu halikati utumbo na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo, aliyewekewa puto akitapika sana naye anaweza kupungukiwa vitamini.

FEFO ni nzuri, lakini haitoshi

FEFO ina madini chuma na asidi ya foliki. Haina B12, kalsiamu wala vitamini D. Tena asidi ya foliki inaweza kuongeza damu na kuficha upungufu wa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Hivi ndivyo viwango ambavyo wataalamu hupendekeza kwa mtu mzima kwa siku. Daktari wako anaweza kuvibadilisha kulingana na vipimo vyako:

- Vitamini B12: mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa kidonge, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi.
- Madini chuma: miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi.
- Kalsiamu: miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa waliofanyiwa aina hizo mbili, ikigawanywa mara mbili au tatu.
- Vitamini D: yuniti 3,000, kisha kiwango hurekebishwa kwa kipimo cha damu.
- Vitamini B1: angalau miligramu 12.

Usimeze kalsiamu pamoja na madini chuma. Acha saa mbili katikati. Chai nayo isinywewe pamoja na kidonge cha madini chuma, kwa sababu inazuia mwili kukichukua.

Vipimo vya damu hufanyika mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Akiba ya B12 mwilini inaweza kuchukua mwaka au zaidi kuisha, kwa hiyo kujisikia vizuri leo si ushahidi kwamba uko salama.

Dalili ambazo hazisubiri kesho

Akiba ya vitamini B1 ni ndogo sana na inaweza kuisha ndani ya wiki mbili au tatu. Aliyefanyiwa upasuaji akitapika kwa siku kadhaa, au akishindwa kula, yuko hatarini. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona anayumba anapotembea, anaona vitu viwili viwili, amechanganyikiwa, au miguu inakosa nguvu.

Wewe unayemuuguza, sema sentensi hii mapokezi kabla hajatundikiwa dripu: "Huyu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na amekuwa akitapika." Dripu ya glukosi bila vitamini B1 inaweza kumzidishia madhara kwenye ubongo. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa.

Kama unatarajia kubeba mimba au unanyonyesha

Baada ya upasuaji, hedhi iliyokuwa imepotea inaweza kurudi na mimba ikaingia bila kutarajiwa. Inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18, hadi uzito utulie. Zungumza na mtoa huduma kuhusu uzazi wa mpango. Baadhi ya upasuaji hupunguza nguvu ya vidonge vya kumeza, hivyo njia nyingine huwa salama zaidi.

Ukiwa tayari mjamzito, usiogope na usifiche. Sema mapema kliniki ili upimwe.

Anayenyonyesha akipungukiwa B12, maziwa yake nayo yanakuwa na B12 kidogo. Mtoto anaweza kulegea, kukosa hamu ya kunyonya, au kuchelewa kukua. Usiache kunyonyesha kwa hofu. Dawa ni mama kutibiwa na mtoto kuchunguzwa.

Jikoni

Tumbo dogo halina nafasi ya kupoteza. Anza na protini: mayai, samaki, dagaa, maziwa, kuku, maharage. Ugali au wali uje mwisho. Lengo ni angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi na glasi ya maziwa gramu 8, kwa hiyo uji mtupu na chai haviwezi kukufikisha.

Pengo lililopo

Upasuaji unafanywa katika hospitali kubwa au nje ya nchi, lakini maisha yanaendelea kwenye zahanati ya mtaani. Katikati ya sehemu hizo mbili, taarifa zinapotea. Sisi wauguzi tunapaswa kuuliza, na hospitali zinapaswa kumpa mgonjwa maelezo anayoyaelewa. Kabla ya kulipia upasuaji, uliza pia gharama ya vidonge na vipimo kwa mwaka. Kama bajeti inaishia mlangoni pa chumba cha upasuaji, bado haijakamilika.

Kama tayari umefanyiwa, leo andika kwenye karatasi aina ya upasuaji, tarehe na vidonge unavyotumia. Iweke ndani ya kadi yako ya kliniki, na mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani ilipo.