Nyama za Pua Zisirudi Tena

Mama akitoka hospitali baada ya kuondolewa nyama za pua, nyumba nzima hufurahi. Anapumua tena kwa pua, analala vizuri, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa humrudia. Wengi hudhani shida imekwisha. Lakini kwa wagonjwa wengi nyama hizo huota tena, na fedha iliyopatikana kwa kuuza magunia ya mahindi hutakiwa mara ya pili. Mwezi huu basi, akina mama wapendwa, tuzungumze namna ya kuzizuia.

Kwanza tuelewane. Nyama tunazozisema ni vivimbe laini vyenye umbo la zabibu, wala si saratani. Tezi za nyuma ya pua zinazowasumbua watoto nazo huitwa nyama, lakini ni jambo jingine. Vivimbe hivi huota kwa sababu utando wa ndani ya pua umevimba kwa muda mrefu. Upasuaji huondoa nyama na kufungua njia ya hewa, lakini hauondoi chanzo chake. Ni kama kufyeka magugu na kuacha mizizi.

Siku za mwanzo, mpaka daktari aruhusu, usipenge kwa nguvu, piga chafya mdomo ukiwa wazi, na usibebe ndoo ya maji wala mzigo wa kuni. Hapa baba na watoto washike kazi. Mama aliyepasuliwa si mvivu akipumzika.

Daktari akikuruhusu, osha pua kila siku kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa yasiingie puani, kwani yanaweza kuwa na vijidudu vya hatari.

Baada ya kuosha, tumia dawa ya kupuliza uliyoandikiwa. Inamisha kichwa kidogo mbele, elekeza dawa upande wa sikio, si katikati ya pua, na uvute hewa taratibu. Itumie kila siku hata unapojisikia mzima. Wengi huiacha wakipata nafuu, na hapo ndipo nyama hurudi. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani ni ya siku chache tu. Yakizidi huiziba pua zaidi.

Kwetu Mbeya na Iringa, baridi ya Juni na Julai hutufanya tufunge madirisha na kuota jiko la mkaa ndani. Moshi huchokoza pua, na hewa ya sumu ya mkaa huweza kuwaua waliolala. Tupikie mahali penye hewa, tunyunyize maji kabla ya kufagia, na tufunge kitambaa puani tunapopukuchua mahindi au kushughulika na pareto kavu, ambayo vumbi lake huwawasha wengine. Ugoro tuuache kabisa, na mwenye kuvuta sigara avutie nje.

Kama una pumu, usiache dawa zake. Wapo wenye pumu na nyama za pua ambao aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huwabana kifua vibaya. Mweleze daktari kabla ya kumeza.

Usikose tarehe ya kliniki. Nyama ikionekana ingali ndogo, mara nyingi hutulizwa kwa dawa bila kisu. Lakini ukitokwa na damu isiyokoma, jicho likivimba au kuona vibaya, kichwa kikiuma sana, au maji meupe kama ya kunywa yakidondoka upande mmoja wa pua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pua ya mama ni mlinzi wa nyumba. Ndiyo inayotambua maziwa yaliyoharibika, maharage yanayoungua na gesi inayovuja. Tuitunze.