Hicho Mnachokiita “Kioo Tu”

Yako maneno mawili ambayo yamekwisha kuwa wimbo katika ofisi zetu kila linapovunjika dirisha la nyuma la gari kubwa la kazi. Maneno hayo ni “kioo tu”. Mkuu wa idara huyatamka anapotaka gari lirudi kabla ya saa sita mchana. Afisa usafirishaji huyatamka anapoandika dokezo la mistari miwili. Mhasibu naye huyatamka anapochagua bei iliyo ya chini kuliko zote, bila ya kuuliza ni kitu gani kilichoachwa nje hata bei ikashuka kiasi hicho. Na fundi, ambaye pengine ndiye pekee anayejua kwamba si kioo tu, hunyamaza. Kwa maana bado tunao miongoni mwetu watu wanaodhani kwamba mwenye mafuta mikononi hana la kumwambia mwenye kalamu mfukoni.

Makala haya yanayapinga maneno hayo mawili. Nyuma yake mna dharau, na dharau hiyo hulipiwa kwa fedha ya wananchi, na wakati mwingine kwa afya ya dereva na abiria wake.

Wananchi wameyaita magari haya mashangingi, na jina limeshika. Sikusudii kuuliza hapa kama ni halali kuyanunua. Hoja hiyo imesemwa sana, na wenye kuisema wana haki ya kuendelea kuisema. Nauliza swali lililo dogo zaidi, ambalo wakubwa hawalipendi: yakiisha kununuliwa, ni nani anayejua kuyatunza, na ni nani anayemsikiliza huyo anayejua?

Zama za Land Rover za miaka ya 1970, vioo vya gari la kazi vilikuwa bapa kama vya kabati. Dirisha lililoshikwa kwa raba fundi alilirudisha kwa kamba: aliipitisha kamba ndani ya mfereji wa raba, akakipachika kioo, akaivuta kamba pole pole hata mdomo wa raba ukalala juu ya bati. Kazi ikaisha, gari likaenda zake. Aliyesema “kioo tu” wakati huo hakukosea sana.

Gari la leo ni jambo jingine kabisa. Kioo chake cha nyuma kimepindwa kwa umbo la gari hilo na si jingine. Katika mashangingi mengi kimebandikwa kwa gundi moja kwa moja juu ya bati la mlango wa nyuma. Juu yake zimechorwa nyuzi nyembamba za madini zinazopitisha umeme, ili kioo kipate joto na kuondoa ukungu. Aliyepanda asubuhi kwenda Lushoto au Njombe wakati wa mvua anafahamu faida yake. Katika magari mengine kioo hicho hicho hubeba waya wa kunasia redio, na katika baadhi kamera inayompa dereva picha ya nyuma hutazama kupitia ndani yake. Ukanda mweusi unaozunguka kingo zake nao si pambo. Umewekwa kuikinga gundi isiliwe na jua.

Kwa hiyo mtu anayeandika katika hati ya kuagizia “kioo cha nyuma cha Land Cruiser, kimoja” hajaagiza kitu. Land Cruiser ya 200, iliyotoka mwaka 2007, mlango wake wa nyuma umegawanyika, sehemu moja hufunguka juu na nyingine chini. Ya 300, iliyotoka mwaka 2021, ina mlango mmoja mzima. Katika Prado nyingi kioo hufunguka chenyewe kwa bawaba, bila ya kufungua mlango. Bila ya kuandika namba ya chesisi, na bila ya kueleza kama gari lina waya hizi au zile, kitakacholetwa ni kioo cha gari la mtu mwingine. Kisha mzabuni atalaumiwa, jalada litarudi masijala kuanza safari upya, na gari litakaa chini ya mwembe likinyewa na kunguru.

Hebu tutazame pia jinsi kioo hiki kinavyovunjika, maana hapo ndipo visingizio vilipojaa. Kioo cha mbele cha gari ni cha tabaka: vioo viwili vimefumbata utando wa plastiki, hata kikipigwa jiwe hupata ufa lakini hubaki mahali pake. Cha nyuma kwa kawaida si hivyo. Hukazwa kwa moto unaopita nyuzi 600, kisha hupulizwa kwa upepo baridi kwa ghafla. Ngozi yake ya nje huganda kwanza, na tumbo lake likija kupoa baadaye huivuta ile ngozi ikabana. Mbano huo ndio unaokifanya kiwe kigumu kupigwa katikati. Lakini udhaifu wake uko kwenye ukingo. Ukingo ukichubuka hata kufikia lile tumbo, kioo chote husambaratika kuwa chembe ndogo ndogo kwa mara moja. Ndiyo maana pia hakikatwi wala kutobolewa kikiisha kukazwa. Fundi anayeahidi kukichonga kidogo kiingie amdanganye mwingine.

Sasa, ni nani anayeichubua kingo hiyo? Kwa sehemu kubwa ni sisi wenyewe. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya ukaguzi wa shule na zahanati hurudi Ijumaa jioni limeshindiliwa magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi, na mlango wa nyuma hufungwa kwa kusukumwa na watu wawili. Kioo hakivunjiki siku hiyo. Huvunjika baada ya siku kadhaa, gari likiwa limesimama juani, hakuna mtu karibu. Basi dereva huapa kwamba kimepasuka chenyewe, na katika ofisi moja au mbili minong’ono ya mkono wa mtu huanza. Hapana mkono wa mtu hapo. Upo mkaa. Chubuko dogo la ukingoni laweza kungoja mpaka joto la jua likitanue kioo, ndipo kilipuke. Walimu wa fizikia wangefanya jambo jema kulieleza hilo darasani, maana lina elimu ya joto na ya nguvu za mvutano kuliko mifano mingi iliyomo vitabuni, na wanafunzi wao ndio watakaokuwa maafisa usafirishaji wa kesho.

Kioo kikiisha kuvunjika, twaja kwenye dhambi kubwa zaidi, nayo ni nailoni. Gari la mamilioni ya shilingi hufungwa karatasi la nailoni kwa gundi ya utepe, likatumwa mikoani “kwa muda”. Muda huo huwa mwezi. Wanaoruhusu jambo hili yafaa wajue wanachokiruhusu. Gari lenye umbo la sanduku linapokwenda mbio, hewa iliyo nyuma yake hujizungusha na kurudi. Likiwa na tundu nyuma, hewa hiyo huingia ndani ikiwa imebeba vumbi la barabara na moshi wa ekzosi la gari lenyewe. Abiria huumwa kichwa, husinzia, hudhani ni uchovu wa safari. Na sumu iliyo mbaya kuliko zote katika moshi huo haina rangi wala harufu. Dereva naye, nailoni ikiwa mbele ya kioo chake cha kutazamia nyuma, haoni kitu anaporudi kinyumenyume katika uwanja wa shule uliojaa watoto. Je, hapo bado ni kioo tu?

Wako wanaojiona hodari kuliko wenye nailoni, kwa kuwa wao hutafuta kioo na kukibandika siku hiyo hiyo kwa silikoni ya bafuni. Kwa macho kazi hupendeza. Lakini silikoni hiyo, ile yenye harufu ya siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati. Haina nguvu ya kukishika kioo gari linaporukaruka kwenye makorongo. Na siku atakapokuja fundi wa kweli na gundi ya kweli, ataikuta haishiki mahali palipopakwa silikoni mpaka pasafishwe pote kwa taabu kubwa. Aliyeokoa shilingi leo amemwachia mwenzake deni.

Kazi inayostahili kuitwa kazi ina hatua zake, na hakuna hatua yenye uchawi. Chembe za kioo kilichovunjika hunyonywa kwa mashine, mpaka zile zilizoingia ndani ya tumbo la mlango, ama sivyo zitacheza ngoma humo kila barabara yenye matuta. Gundi ya zamani haikwanguliwi hadi kwenye bati. Hukatwa na kuachwa utando mwembamba wa kiasi cha milimita moja au mbili, kwani gundi mpya huishika gundi ya zamani kuliko kitu kingine chochote. Rangi ikikwaruzwa hupakwa praima kabla ya jambo jingine, la sivyo kutu itaanza hapo, chini ya gundi, mahali asipoona mtu. Ukingo wa kioo haushikwi kwa vidole vyenye mafuta. Gundi yenyewe, ile iitwayo poliyurethani, humiminwa kwa mstari mmoja usiokatika, maana palipokatika ndipo maji ya masika yatakapopita.

Kisha huja hatua ambayo wakubwa wetu hawaivumilii, nayo ni kungoja. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu uliomo hewani. Tanga na Dar es Salaam, penye joto na unyevu wa bahari, hushika upesi. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu kama ngozi ya ngoma, huchukua muda mrefu zaidi kwa gundi ile ile na fundi yule yule. Muda wa kungoja umeandikwa na mtengenezaji, nao hutofautiana kwa aina ya gundi na hali ya hewa; hautokani na ratiba ya mikutano ya mkurugenzi. Hata baada ya kuruhusiwa kuondoka, gari lapaswa kuachiwa dirisha moja wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa kishindo hewa ya ndani isikisukume kioo kabla hakijashika vizuri. Bosi anayempigia fundi simu mara nne kwa saa, akitaka gari lake “maana ni kioo tu”, ndiye anayekifungua kioo hicho kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa yuko ndugu mwingine, msomi, atakayesema: kwa kuwa kazi ni ngumu kiasi hicho, basi mafundi wetu hawaiwezi, na dawa ni kulipeleka kila gari kwa wakala wa mtengenezaji au kungoja wataalamu kutoka nje. Hiyo ni kasumba. Fundi aliyejifunza kuinyoosha fremu ya lori chini ya mti, bila ya kitabu, atashindwa vipi kumimina gundi kwa mstari mmoja? Kinachomshinda ni kwamba hakufundishwa, na kwamba maelezo yaliyo juu ya tyubu ya gundi yameandikwa kwa lugha asiyoisoma. Tarehe ya mwisho wa matumizi imo humo, haioni. Onyo la silikoni limo humo, halioni. Tuna vyuo vya VETA, vyenye sheria yao tangu mwaka 1994. Tuna Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967. Tuna walimu wanaojua Kiingereza na Kiswahili sawia. Kijitabu cha kurasa ishirini juu ya ubandikaji wa vioo vya magari, kwa Kiswahili kinachosomeka, hakihitaji msaada wa mfadhili yeyote.

Vioo vyenyewe havina budi kuendelea kuagizwa kwa sasa, na tusidanganyane juu ya hilo. Mwaka 2023 kilifunguliwa Mkuranga, mkoani Pwani, kiwanda kikubwa cha vioo bapa, nalo ni jambo la kujivunia. Lakini kutoka kioo bapa cha dirisha la nyumba hadi kioo kilichopindwa na kukazwa kwa ajili ya gari fulani ni safari inayohitaji tanuri na umbo la pekee kwa kila aina ya gari. Safari hiyo yaweza kuanza kwa magari tuliyo nayo kwa wingi. Haitaanzishwa na watu wanaoamini kwamba hakuna cha kujifunza katika kioo.

Jambo la kufanya mara moja liko mikononi mwa watumishi wenyewe. Gari la Serikali hukaguliwa kabla ya matengenezo na baada yake. Ukaguzi wa baada, kwa habari ya kioo cha nyuma, usiwe wa kupiga muhuri. Mkaguzi asome alama iliyochorwa pembeni mwa kioo. Vingi vya viwango vinavyokubalika hubeba herufi E na namba ndani ya duara, nayo 43 ni ya Japani. Amwombe fundi aoneshe tyubu ya gundi iliyotumika, na aisome tarehe yake. Aimwagie maji kwa mpira wa bustani, mtu mmoja akiwa ameketi ndani na tochi. Awashe swichi ya joto, angoje dakika chache, kisha apitishe kiganja juu ya kioo kuona kama nyuzi zote zimepata moto, hasa pale ambapo mtu alikuwa amebandua karatasi nyeusi kwa wembe. Na mkuu wa idara, ikiwa ana haraka sana siku hiyo, achukue basi.