Jiwe la Mizani la Mpima Ardhi

Mwenye duka akitaka kujua kama mizani yake yasema kweli, huchukua jiwe la kilo 1 lililokaguliwa akaliweka juu yake. Mizani ikionyesha gramu 1,050, basi amelijua kosa, na tangu hapo aweza kulitoa katika kila apimacho. Kanuni hiyo ya dukani ndiyo imwezeshayo mpima ardhi wa leo kusimika bikoni kwa usahihi wa sentimita mbili au tatu, akitumia setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu ya ardhi. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi simu ya mkononi ilivyoingia katika kazi hiyo, na kutoa hoja kwamba jiwe hili la mizani halina budi kuwa mali ya umma.

Kwanza tutazame kosa latoka wapi. Kipokezi cha GPS hupima muda uliotumiwa na mawimbi ya redio kusafiri kutoka kwenye setilaiti. Mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde hugeuka kosa la sentimita 30. Saa za setilaiti hupotoka kidogo, njia zake hazijulikani kwa ukamilifu, na mawimbi huchelewa yapitapo katika tabaka la ioni. Ndiyo sababu kipokezi kimoja peke yake, kama kile kilichomo katika simu, hukosea kwa mita kadhaa. Kwa mgeni atafutaye nyumba, mita hizo si kitu. Kwa majirani wawili wenye kugombea mpaka, mita 3 ni safu nzima ya migomba.

Dawa yake ni kutumia vipokezi viwili. Kimoja, yaani kituo cha msingi, huwekwa juu ya alama ambayo mahali pake pamekwishajulikana. Cha pili hubebwa na mpimaji shambani. Vikiwa karibu, vyote hupokea mawimbi yaliyopita katika anga ile ile, na makosa yake hufanana. Kituo cha msingi hutuma vipimo vyake kila sekunde, na kipokezi cha shambani huvitumia kuliondoa kosa la pamoja. Tena hesabu hufanywa kwa wimbi lenyewe, ambalo urefu wake ni yapata sentimita 19. Hapo ndipo usahihi wa sentimita upatikanapo.

Kwa miaka mingi vipimo hivyo vilipelekwa kwa redio, na kilima kimoja kilitosha kuvikata. Mwaka 2004 ulikubaliwa utaratibu wa kimataifa uitwao NTRIP, uliobuniwa Ujerumani, wa kuvipeleka kwa intaneti. Sasa kadi ya simu yatosha. Simu mbili kwa kawaida haziwezi kutafutana moja kwa moja katika intaneti, kwa kuwa kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo zote mbili huiendea kompyuta ya tatu, kama watu wawili watumiao sanduku moja la posta: kituo cha msingi huacha barua, kipokezi cha shambani huja kuichukua. Na barua yenyewe ni ndogo, megabaiti chache tu kwa saa nzima, hata mtandao wa simu wa kizamani waweza kuibeba.

Je, taabu zimekwisha? La hasha. Siku moja nilikwenda na wanafunzi kupima eneo dogo. Mtandao ulikuwa mzuri, na kioo kilituambia kwamba usahihi ni sentimita 2. Jioni tulipopitia bikoni ya zamani, tulikuta kila kipimo chetu kimesogea karibu mita 2. Kituo cha msingi kilikuwa kimewekwa juu ya alama isiyojulikana, na mahali pake tulikuwa tumepakadiria kwa kipokezi kimoja. Jiwe la mizani lilikuwa bovu, na mizani haikuwa na njia ya kulijua hilo. Kosa kubwa zaidi humngoja achanganyaye mifumo: ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao hutofautiana na ule wa GPS kwa yapata mita 300.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Serikali haimwachii kila mchuuzi achonge jiwe lake la kilo, kwa kuwa mnunuzi hana uwezo wa kulikagua. Mkulima naye hana uwezo wa kukikagua kituo kilichotumiwa kupima shamba lake. Huko Ujerumani, huduma ya namna hii iitwayo SAPOS huendeshwa na idara za upimaji za serikali za majimbo. Nasi yatupasa kuwa na vituo vya kudumu vya umma, vyenye mahali palipothibitishwa na kutangazwa, na masahihisho yake yapatikane kwa kila mpimaji.

Wako watakaosema kwamba kampuni binafsi zaweza kuifanya kazi hii. Na ziifanye, lakini jiwe la kulinganishia libaki mikononi mwa umma. Wengine watasema kwamba vijiji vingi havina mtandao wa kutegemewa. Ni kweli, na kwa hiyo redio isitupwe. Wala kituo kimoja hakitoshi kwa mkoa mzima: kadiri umbali unavyozidi, ndivyo makosa yanavyoacha kufanana, hasa kwetu karibu na ikweta, ambako tabaka la ioni huvurugika sana baada ya jua kutua.

Walimu, jaribio liko mikononi mwenu. Wekeni simu mbili chini ya mlingoti wa bendera ya shule, mwandike mahali zinapoonyesha, kila siku kwa siku kumi. Wanafunzi wakokotoe wastani, kisha wajiulize: je, simu hizi mbili hukosea kwa namna moja? Na wastani wetu ni kweli, au ni uwongo uliorudiwa mara kumi? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza swali hilo hatakubali kuhamishiwa mpaka wa baba yake kwa sababu tu tarakimu ya kwenye kioo ilikuwa nzuri.