Kovu dogo, mapumziko marefu: nani anabeba siku za kupona?

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa nchini mwaka 2023, mjadala mwingi umekuwa juu ya nani atalipa bili ya hospitali. Leo tunaligeukia swali lisilosemwa sana: mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani, nani anabeba gharama ya siku za kupona? Tunachukua mfano wa upasuaji wa kutibu kiungulia sugu.

Upasuaji wenyewe

Umio unapoungana na tumbo kuna misuli inayobana kama mlango ili tindikali isipande juu. Misuli hiyo ikilegea, mtu huungua kifuani, hasa akilala. Wengi hupata nafuu kwa dawa na kubadili ulaji. Dawa zisipotosha, daktari anaweza kuzungusha sehemu ya juu ya tumbo kwenye ncha ya chini ya umio na kuishona, ili mlango ukaze tena. Njia hii ilitangazwa na daktari wa upasuaji Rudolf Nissen mwaka 1956. Tangu miaka ya 1990 imekuwa ikifanyika kwa kamera na vifaa vinavyopitishwa kwenye matundu madogo, bila kupasua tumbo.

Wiki za mwanzo

Hapa ndipo ndugu na waajiri hudanganyika. Mgonjwa hulala hospitali usiku mmoja au miwili, anarudi akitembea, na makovu hayaonekani kuwa kitu. Lakini ndani, pale paliposhonwa pamevimba na njia ya chakula ni nyembamba.

Huanza na vinywaji na supu iliyochujwa, kisha vyakula laini kama uji, mtori na viazi vilivyopondwa. Mkate, chapati, nyama ngumu na tonge kubwa la ugali vinaweza kukwama, kwa hiyo husubiri wiki 4 hadi 6 hivi, kadiri daktari atakavyoelekeza. Soda nazo huwekwa kando, kwa sababu tumbo hujaa gesi na kubeua huwa kugumu. Maumivu ya bega siku za mwanzo ni ya kawaida: hutokana na gesi iliyotumika kulipanua tumbo wakati wa upasuaji. Kuinua vitu vizito huzuiwa kwa wiki kadhaa ili mshono usiachie.

Homa, kutapika mfululizo, maumivu makali ya kifua au tumbo, kupumua kwa shida, au kushindwa kumeza hata maji, hizo si dalili za kuvumilia. Mgonjwa arudi hospitali mara moja.

Mwenye ajira na asiye nayo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anachohitaji ni cheti cha daktari.

Sasa mtazame mama lishe anayeinua sufuria alfajiri, au mbeba mizigo sokoni. Bima inaweza kulipa bili yake yote, lakini hailipi kodi ya chumba kwa wiki 6 asizofanya kazi. Matokeo yake ni kurudi kazini mapema na kuuweka mshono hatarini.

Tunavyoona, ushauri kabla ya upasuaji ugusie pia kipato: mgonjwa aulize atakaa nje ya kazi muda gani, ahudhurie kliniki mara ngapi, na bima yake inafika wapi. Vikundi vya akiba navyo vifikirie mfuko wa mwanachama aliye mapumzikoni, si wa msiba pekee. Na wanaosimamia bima ya wote wakumbuke kwamba matibabu hayaishii kwenye geti la hospitali.